Klabu, safari, mwamba au msikiti: elimu ya mazingira ipi itaifaa shule na kijiji chako cha pwani?

Ukipita shule za mwambao, kuanzia Kwale mpaka Mtwara, hukosi vibao. Kibao cha bati kimesimama getini, rangi imebanduka kwa chumvi ya bahari, kinatangaza kwamba shule hii inatunza mazingira, na chini yake zimepangwa nembo tatu nne za wafadhili. Ingia ndani uulizie klabu. Mwalimu aliyeianzisha amehamishwa, miche ililiwa na mbuzi, daftari la mahudhurio limo kabatini kwa mwalimu mkuu. Kibao kimeishi kuliko mradi wenyewe.

Nimelea klabu ya namna hiyo, kwa hiyo sina wa kumcheka. Ila tangu hapo, kila kamati ya shule au ya kijiji inaponiuliza ichukue programu ipi, naona swali linaanzia pabaya. Wanauliza ipi ni nzuri. Karibu zote ni nzuri siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi. Tofauti hujitokeza muhula wa nne.

Nitalinganisha njia nne ambazo pwani ya Kenya, Tanzania na visiwa vya Unguja na Pemba zimeshajaribiwa: klabu ya wanafunzi, safari ya mafunzo, kazi ya kijiji mwambani au kwenye mikoko, na mafunzo yanayopitia misikiti na madrasa.

## Tupime kwa vigezo gani?

Gharama, lakini usihesabu shilingi peke yake. Hesabu alasiri za mwalimu mlezi, na kwa mama anayekwenda pwani kuchokoa pweza hesabu siku ambazo hatarudi na kitoweo.

Inamfikia nani. Anayevuta kokoro au anayevua kwa baruti hayumo darasani. Programu inayoishia kwa watoto haimgusi, na programu ya wavuvi watu wazima inaweza kumsahau binti wa darasa la sita.

Nani anabaki nayo mwalimu akihamishwa na mfadhili akifunga ofisi. Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine, na msomaji ana haki ya kunibishia.

Kinachoonekana baada ya mwaka mmoja, yaani kitu ambacho mzazi atakigusa, atakipima au atakila. Na mwisho, inamfaa nani.

## Njia ya kwanza: klabu ya wanafunzi

Hii ndiyo kongwe. Wildlife Clubs of Kenya ilianza 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe. Tanzania ikafuata na Malihai Clubs mwaka 1980, makao yake yakiwa Arusha. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari wakaketi barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, jijini Dar es Salaam wakamweleza yaliyowakera, na hapo ikazaliwa Roots & Shoots, ambayo leo imesambaa mbali sana na baraza lile. Mpango wake ni mwepesi: kila kikundi huchagua kazi yake chini ya mambo matatu, watu, wanyama na mazingira.

Gharama. Ndogo. Mnahitaji mlezi, alasiri moja kwa wiki, majembe na viriba. Kinachosahaulika ni maji. Shule nyingi za pwani zina kisima cha maji ya chumvi, na kitalu cha miche hakisubiri masika. Tanzania Bara, tangu elimu bila malipo ianze 2016, huwezi kumwandikia mzazi barua ya mchango kiholela, kwa hiyo fikirieni bomba kabla ya miche.

Inamfikia nani. Wanafunzi wenye hamu, pengine 30 kati ya 600. Wengi ni walewale walio pia kwenye kwaya, kaswida na midahalo. Husemwa kwamba mtoto atayapeleka mafunzo nyumbani. Kwenye taka na miti ya kivuli nimeona ikitokea. Kwenye bahari mambo ni mengine: mtoto hamwambii baba yake nahodha wapi atupe nyavu, na akimwambia atajibiwa anavyostahili.

Nani anabaki nayo. Hapa ndipo klabu nyingi hufia. Klabu ni mlezi, mlezi ni mwajiriwa, na barua ya uhamisho haiulizi miche ina urefu gani. Dawa ninayoijua ni walezi wawili, mmoja wao awe mzaliwa wa hapo hapo, hata kama ni mpishi au mlinzi wa shule. Eco-Schools, mpango wa kimataifa ambao Kenya unasimamiwa na KOEE, shirika la elimu ya mazingira, umelitazama tatizo hili vizuri kwa kuanza na kamati: wanafunzi, walimu, wafanyakazi na wazazi hukaa pamoja, wanapita hatua saba, na shule inayofikia kiwango hupewa bendera ya kijani. Mzigo unagawanyika. Makaratasi nayo yanaongezeka, na shule yenye walimu saba kwa madarasa nane itayaona ni adhabu.

Kinachoonekana. Kivuli, choo safi, shimo la mboji, uwanja usio na mifuko. Kuna na kisichoonekana upesi: wanafunzi wanaozoea kusimama mbele ya watu na kusema. Wanaojua kazi za hifadhi watakwambia wengi wao walianzia kwenye klabu.

Inamfaa nani. Shule yenye mwalimu mmoja mwenye moto na wa pili wa kumsaidia, na ambayo haina bajeti ya kitu kingine.

## Njia ya pili: safari ya mafunzo

Mtoto wa Mjini Magharibi anaweza kukua hatua 200 kutoka majini, akamjua chewa na changu kwa jina na kwa bei, na asiwahi kuona tumbawe likiwa hai. Samaki amewaona kwenye sinia. Wasichana zaidi, maana kuogelea hakukuwa katika malezi yao.

Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Unguja, kimejengwa juu ya pengo hilo. Mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, ukiendeshwa na kampuni binafsi, na mapato ya wageni wanaolala kwenye bangalo zake 7 ndiyo yanayogharimia elimu. Wanafunzi huvalishwa makoti ya kuelea, wakapewa miwani na mrija, wakainamisha uso majini. Kinachofuata ni kelele, kisha kimya. Baadaye huonyeshwa jinsi nyumba zinavyovuna maji ya mvua, vyoo visivyotumia maji, umeme wa jua, na mnara wa taa wa mwaka 1904. Miongoni mwa walinzi wa hifadhi wamo waliokuwa wavuvi, na mtoto humsikiliza mvuvi kuliko anavyomsikiliza mwenye kalamu mfukoni.

Chumbe si pekee. Gazi, Kwale, kina mama wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko. Gede kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993, ambapo wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo mpaka wawe pupa, na pupa hao huuzwa nje ya nchi. Mtoto akiona kipepeo analipa karo, swali la kwa nini msitu usikatwe halihitaji hotuba.

Gharama. Kwa Chumbe, mwanafunzi wa Zanzibar habebeshwi gharama ya ziara. Kwingineko kuna basi, chakula, kiingilio, na barua za ruhusa za wazazi ambazo zitarudi nusu. Fedha za aina hii zina udhaifu wake: zikitoka kwa watalii, utalii ukianguka kama 2020, huanguka nao.

Inamfikia nani. Wachache kwa siku moja. Mashua haipakii shule nzima, na anayechaguliwa mara nyingi ni yule anayefaulu. Ningependa angalau viti vitatu vitengwe kwa watoro, wale wanaoshinda ufukweni, kwa kuwa bahari ndiyo itakayowaajiri.

Nani anabaki nayo. Kituo kinabaki, shule haibaki na kitu isipokuwa kumbukumbu. Kama hakuna kipindi kabla ya safari na kazi baada yake, mwezi haupiti kabla safari haijageuka kuwa hadithi ya soda na biskuti.

Kinachoonekana. Ni macho ya mtoto tu, kwa siku hizo. Walimu wakienda nao na wakafunzwa, faida huongezeka, maana mwalimu mmoja aliyeuona mwamba atafundisha madarasa kumi.

Inamfaa nani. Shule ambayo tayari ina klabu inayopumua na inahitaji kuwashwa upya. Kama mwanzo wa kila kitu, safari ni ghali kwa inachoacha.

## Njia ya tatu: kijiji kujifunza kwa mwamba na mikoko

Hii wengi hawaiiti elimu. Hakuna ubao, hakuna cheti. Mimi naiona ndiyo shule ngumu kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Chukua pweza. Maisha yake ni mafupi, hupita mwaka mmoja kwa shida, na akiwa mdogo uzito wake waweza karibu kuongezeka maradufu ndani ya mwezi. Mwaka 2004, Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, wakafungua, wakapata pweza wakubwa. Mbinu ikavuka bahari. Pemba, Kisiwa Panza kilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia, kikisaidiwa na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani. Kwa kawaida hufungwa kama miezi mitatu, na siku ya kufungua huwekwa kwenye bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba ukabaki wazi.

Tazama somo lilivyo. Kamati ya Uvuvi ya Shehia kwa Zanzibar, au BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, kwa Bara na Kenya, inakaa na wachokoaji pweza, wengi wao kina mama, na wazamiaji ambao ni vijana wa kiume. Wanachora mpaka. Wanakubaliana nani alinde usiku. Wanapima siku ya kufunga na wanapima siku ya kufungua. Mizani haibembelezi mtu: kama mmeibiwa, itasema, na kama pweza wamekua, itasema. Hakuna semina ya hotelini inayofanya hivyo.

Sasa kasoro zake, maana huwa hazitajwi kwenye ripoti. Mwamba unaofungwa mara nyingi ni ule wa karibu, wanaoutegemea kina mama wasio na chombo. Vijana wenye mashua huhamia kwingine. Siku ya kufungua watu huja hata kutoka vijiji jirani, na yaliyotunzwa miezi mitatu huisha kwa maji mamoja. Pweza wakiwa wengi mnunuzi anashusha bei. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, tochi huonekana mwambani. Kijiji ambacho hakijazungumza mambo haya mapema hujifunza kugombana.

Mikoko ina mwendo mwingine. Gazi na Makongeni, Kwale, wanasimamia Mikoko Pamoja: hektari 117 za mikoko, na tangu 2013 wanauza hewa ukaa inayohifadhiwa humo, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, kwa wanaotaka kufidia hewa wanayochafua wao. Fedha huingia kwenye mfuko wa jamii, zikatoka kama maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator. Mtoto wa Gazi akisoma somo la mikoko, anasomea kitabu ambacho mikoko imekinunua.

Lakini kupanda mikoko si kuchomeka vijiti matopeni. Kila mti una maji yake: mlilana hukabili bahari, mkoko hufuata nyuma, mkandaa na mchu hushika huku kwenye ardhi iliyoinuka. Klabu yangu ilipanda mkoko kwenye mchanga mtupu mbele kabisa, kwa sababu ndipo picha ingetoka vizuri. Bamvua ya pili ikazoa yote. Mzee mmoja alitutazama tangu mwanzo, akiwa amekaa juu ya ngalawa yake, na hakusema kitu. Nilipomuuliza baadaye, alijibu kwamba hakuulizwa.

Gharama. Kubwa kwa muda, na kwa pweza kuna miezi mitatu ya kujinyima. Mikoko ya kuuza hewa ukaa inahitaji wataalamu wa kupima, mkataba na ukaguzi. Hiyo si kazi ya kijiji peke yake, na wala si ya mwaka mmoja.

Inamfikia nani. Watu wazima wanaoigusa bahari kila siku. Shule yaweza kubaki nje kabisa, jambo ambalo ni uzembe: siku ya kupima pweza ni somo la hesabu lililokuja lenyewe. Kenya, mtaala wa umilisi umeshawazoesha wazazi na kazi za nje ya darasa, basi mlango uko wazi.

Nani anabaki nayo. Kijiji. Sheha hubadilika na mwenyekiti hupigiwa kura, lakini mwamba na wenyewe hawahami.

Kinachoonekana. Kilo. Hakuna njia nyingine kati ya hizi yenye jibu la wazi namna hiyo.

Inamfaa nani. Kijiji chenye kamati inayoaminika na mpaka unaoeleweka na majirani. Pasipo na hayo mawili, subirini.

## Njia ya nne: msikiti na madrasa

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, na jina lake lina hadithi. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika kwa wavuvi akataka msala asali. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa hiki, kwa kuwa kimeelekea kibla, kitakuwa mithili ya msala. Mahali pa kusalia hapatupwi uchafu wala hapalipuliwi baruti, na hoja hiyo ilikuwapo kabla ya mradi wowote.

Kisiwa kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na baada ya makatazo ya serikali kuonekana hayatoshi, masheikh na walimu wa madrasa walishirikishwa. Walifundisha waliyoyajua tayari: binadamu ni khalifa katika ardhi, israfu imekatazwa, na sura ya Ar-Rum inataja ufisadi ulioenea bara na baharini kwa yaliyotendwa na mikono ya watu. Mvuvi aliyekuwa akikimbia boti ya doria alikutana na neno lilelile Ijumaa, akiwa ameketi safu ya mbele.

Gharama. Ndogo kuliko zote. Mikutano michache ya kuandaa maimamu, na nauli.

Inamfikia nani. Wanaume siku ya Ijumaa, watoto madrasani jioni, kina mama kwenye vyuo vyao na shughuli za maulidi. Hii ndiyo njia inayowafikia vijana walioacha shule pasipo kuwaita wanafunzi. Kijiji chenye dini mchanganyiko kinahitaji pia kanisa, na Kwale na Kilifi kuna wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya jadi. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2008, ililindwa kwa mwiko muda mrefu kabla ya hapo. Nendeni Kinondo mwone msitu mnene ulivyosimama pembeni ya hoteli za Diani.

Nani anabaki nayo. Imamu hahamishwi na wizara. Hapa njia hii inazishinda klabu kwa mbali.

Kinachoonekana. Kidogo, na polepole. Huwezi kupima hotuba. Imamu naye si mtaalamu wa samaki. Atasema usiharibu, lakini hatakwambia tundu la wavu liwe la inchi ngapi. Na anayevua kwa baruti kwa sababu ya deni la tajiri wa mashua anajua fika kuwa anakosea. Kinachomkwaza ni deni.

Inamfaa nani. Jamii ambayo sheria zipo na haziheshimiwi, na ambako neno la mzee au sheikh bado lina uzito.

## Kwa hali yenu

Kama ninyi ni shule ya mjini, bahari mnaiona tu kutoka dirishani na fedha hakuna, anzeni klabu yenye walezi wawili, kazi moja tu kwa mwaka. Taka ni mwanzo mzuri: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019, na watoto wanaweza kuhesabu wenyewe ni mingapi bado inazagaa.

Kama klabu mnayo lakini imechoka, tafuteni safari moja, na mwalimu asiye mlezi awe mmoja wa wanaokwenda.

Kama kijiji chenu kinaishi kwa pweza, na majirani mnasikilizana, kaeni na wachokoaji kabla ya kumwita mtu yeyote wa nje. Waulizeni kina mama watakula nini miezi ile mitatu. Jibu likikosekana, fungeni eneo dogo zaidi. Mkishafunga, mwiteni mwalimu wa hesabu na mizani yake.

Kama mna mikoko na mmesikia habari za hewa ukaa, tembeleeni Gazi muwaulize wenyewe, siku nzima, kabla ya kusaini karatasi ya mtu aliyekuja na gari. Wakati huohuo lindeni iliyopo. Mikoko iliyosimama haihitaji kupandwa.

Kama sheria zimewashinda na baruti bado inasikika alfajiri, nendeni msikitini, kanisani au kwa wazee wa kaya, lakini nendeni pia na mtu anayeweza kuzungumzia mikopo ya nyavu.

Na kama mradi uliopita uliwaumiza, fedha zikayeyuka, watu wakanuniana, msilete programu yoyote mpya mwaka huu. Itisheni mkutano, someni hesabu za ule wa zamani mbele ya wote, hata kama zina aibu, kisha mchague watu watatu wa kushika fungu lijalo, mmoja wao awe mwanamke anayekwenda pwani.